Bibi yetu ana tarehe mbili za kuzaliwa na umri wa aina tatu. Tushike lipi?

"Bibi yetu ni mzaliwa wa Pangani. Kitambulisho chake cha taifa kinasema alizaliwa 1 Julai 1938, na kila mwaka wajukuu tunakusanyika siku hiyo kumkatia keki. Mwaka huu mjomba kafungua sanduku la marehemu baba yake bibi, kakuta msahafu wa zamani. Kwenye karatasi ya mwanzo kuna mistari ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu wa madrasa ametusomea kwamba bibi alizaliwa 'usiku wa kuamkia Jumanne, 14 Mfunguo Sita 1359, saa nne'. Binamu yangu ameutazama ule mwaka, yeye anaona ni 1309. Mjomba ameshika 1359, ameutoa kwenye 1447 ya Hijria, yaani kalenda ya Kiislamu, anasema bibi ana miaka 88. Kitambulisho kinampa 87. Bibi mwenyewe anakumbuka mama yake akimwambia kwamba alizaliwa wakati wa masika, mbalamwezi, baada ya Wajerumani wa shamba la mkonge kuchukuliwa. Je, tumekuwa tukisherehekea uongo miaka yote hii? Tuwaombe NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, wabadilishe? Na keki tuikate lini?"

Mpendwa msomaji, kwanza niondoe lile neno linalokuuma. Hamjasherehekea uongo. Mmesherehekea makadirio ya karani, na hayo ni mambo mawili tofauti. Pili, nikwambie mapema ninachoamini baada ya kupima maelezo yako: bibi yenu alizaliwa Jumatatu, 22 Aprili 1940, saa nne za usiku. Leo ana miaka 85, na tarehe 22 Aprili 2026 atatimiza 86. Mjomba hajakosea hesabu, na kitambulisho hakikutungwa kwa hila. Nitakueleza kila kimoja kilifikaje hapo.

Tuanze na 1 Julai. Ukipitia majalada ya wazee wetu waliozaliwa kabla ya uhuru, utashangaa jinsi siku mbili zinavyojirudia: 1 Januari na 1 Julai. Haiwezekani nusu ya kijiji kizaliwe siku moja. Wakati wa ukoloni, kwa Waafrika walio wengi kuandikisha kizazi hakukuwa lazima, kwa hiyo cheti hakikuwepo. Mzee alipofika mbele ya karani, iwe kwa ajira, kodi, kupiga kura au pasi ya kusafiria, aliulizwa umri, naye akajibu kwa kukisia. Karani akatoa umri ule kwenye mwaka wa siku hiyo, akapata mwaka wa kuzaliwa. Fomu ilidai siku na mwezi pia, na pale kisanduku hakiruhusiwi kubaki kitupu. Wengine walijaza mwanzo wa mwaka. Wengine walichagua katikati, kwa sababu ukiandika 1 Julai, hata ukikosea huwezi kukosea kwa zaidi ya miezi sita upande wowote. Ni busara ya kiofisi, na inaendelea hadi leo. Miongoni mwa wakimbizi wa Kongo waliohamishiwa Marekani kuna familia ambazo baba, mama na watoto wote wana 1 Januari kwenye makaratasi, kwa sababu hiyo hiyo.

Na ule mwaka 1938 nao una asili yake. Watu wakikisia umri hupenda namba zinazoishia na sifuri au tano. Wataalamu wa sensa wanalijua jambo hili vizuri, na ndiyo maana makarani wa sensa hubeba orodha ya matukio ya mahali husika, wamuulize mzee alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa njaa fulani, vita fulani au mafuriko fulani. Tuseme bibi yako aliulizwa umri mwaka 1988 akajibu "kama hamsini". Kweli ilikuwa 48, lakini 1988 ukitoa 50 unapata 1938. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwake, ila kosa la miaka miwili ndilo hasa linalozaliwa na jibu la namna hiyo.

Hata wakubwa wa dunia hawakusalimika. Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, hakuwahi kuijua tarehe yake ya kuzaliwa. Wanahistoria huishia kusema miaka ya 1890. Wapo watu wanaodhani kwamba Siku ya Kenyatta, 20 Oktoba, ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Sivyo. Hiyo ni kumbukumbu ya 20 Oktoba 1952, siku serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari na kumkamata yeye na wenzake. Katiba ya 2010 ikaigeuza kuwa Siku ya Mashujaa. Malkia Elizabeth wa Pili tarehe yake ilijulikana wazi, 21 Aprili 1926, lakini gwaride la siku yake ya kuzaliwa lilifanyika Juni, kwa desturi iliyopata nguvu kwa Edward wa Saba, aliyezaliwa Novemba na ambaye sherehe zake zilisogezwa hadi majira ya joto ili watu wasisimame kwenye baridi na mvua.

Na kwetu, 5 Februari tunayoikumbuka kama siku ya Azimio la Arusha si siku lilipopitishwa. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha na kulipitisha mwishoni mwa Januari 1967. Tarehe 5 Februari ndipo lilipotangazwa kwa wananchi, na miaka kumi baadaye, 5 Februari 1977, ikachaguliwa makusudi kuwa siku ya kuzaliwa CCM. Hata 9 Desemba haikuwa chaguo la kwanza. Mkutano wa katiba wa Machi 1961 ulipanga uhuru wa Tanganyika uwe 28 Desemba, kisha tarehe ikasogezwa mbele. Siku tunazoadhimisha mara nyingi huchaguliwa na watu wenye sababu zao, na wala hilo halizifanyi kuwa batili.

Sasa tuje kwenye msahafu, ambao kwangu ndio lulu ya barua yako.

Kuhusu 1309 na 1359, mwalimu yuko sahihi, na kosa la binamu yako linaeleweka. Katika tarakimu za Kiarabu tano ni kiduara, ٥, na sifuri ni nukta, ٠. Aliyezoea tarakimu za shule akiona kiduara anasoma sifuri. Mwaka huo utakuwa umeandikwa ١٣٥٩. Baba yake bibi, ambaye nitamwita babu, angekuwa kaandika 1309, baina ya tatu na tisa mngeona nukta tu. Isitoshe, 1309 Hijria inaangukia 1891 na 1892, na bibi angekuwa na zaidi ya miaka 130. Mwangalie pia ile tatu kwa makini: mbili huandikwa ٢ na tatu ٣, tofauti yake ni jino moja dogo la juu, ambalo wino ukififia hupotea. Hapa hakuna shaka, maana 1259 iko mbali zaidi.

Mwaka wa Hijria unafuata mwezi, nao una siku 354 au 355, pungufu ya siku kumi na moja hivi kuliko mwaka wa jua. Kwa hiyo huwezi kupata mwaka wa Miladia kwa kutoa au kujumlisha namba moja isiyobadilika, kosa ambalo nakutana nalo karibu kila wiki kwenye kazi hii. Njia ya haraka ni kuzidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 na kujumlisha 622. Fanya hivyo kwa 1359, unapata 1940 na kidogo. Umeshaujua mwaka.

Mwezi nao ni rahisi kwa mtu wa pwani. Baada ya Ramadhani tunahesabu Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, na kuendelea, na Mfunguo Sita ndio mwezi wa Maulidi. Mwaka 1940 mwezi huo ulianguka Aprili. Hapo tayari ile kauli ya masika imepata mahali pake, kwa sababu Aprili ndiyo kitovu cha masika Tanga na Pangani.

Siku yenyewe inahitaji uangalifu kidogo, na hapa naomba unifuate polepole. Ukiingiza 14 Mfunguo Sita 1359 kwenye kikokotoo cha mtandaoni kinachofuata hesabu tupu, kitakupa 22 Aprili 1940, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Lakini babu kaandika Jumanne. Watu wengi wakifika hapa hukata tamaa wakasema maandishi hayaaminiki. Mimi hapa ndipo nilipoanza kuyaamini.

Wazee wa Pangani hawakutumia kikokotoo. Walitazama mwezi. Mwezi wa zamani ulikwisha usiku wa Jumapili, 7 Aprili, mnamo saa tano kwa saa zetu. Jumatatu magharibi mwezi mchanga ulikuwa na umri wa saa kumi na tisa tu, uzi mwembamba ulio karibu mno na jua lililozama, na msimu wenyewe ni wa mawingu. Ni shida kuuona. Jumanne magharibi, tarehe 9, ndipo ungeonekana bila taabu. Kwa hiyo Mfunguo Sita ulianza usiku wa kuamkia Jumatano, 10 Aprili. Hesabu kutoka hapo: tarehe 14 ni Jumanne, 23 Aprili. Hivyo hivyo kama babu alivyoandika. Mtu aliyebuni tarehe miaka mingi baadaye asingeweza kuipatanisha siku ya wiki na mwandamo kwa usahihi huo, isipokuwa kwa bahati. Ukikuta tarehe ya Hijria iliyoandikwa pamoja na siku ya wiki, ishike siku ya wiki kwanza. Tarehe inaweza kupishana kwa siku moja kati ya mji na mji, kutegemea nani kauona mwezi, lakini Jumanne ni Jumanne kila mahali.

Bado kuna kitu kimoja. Siku ya Kiislamu huanza jua linapozama. "Usiku wa kuamkia Jumanne" kwa babu ni sehemu ya Jumanne, ila kwa kalenda ya ofisini, saa nne za usiku huo bado ni Jumatatu mpaka saa sita ya usiku ipite. Ndiyo maana nasema Jumatatu, 22 Aprili. Na mwezi ulijaa Jumatatu hiyo hiyo, kwa hiyo saa nne za usiku ulikuwa juu, mkubwa na mweupe, kila mawingu yalipofunguka. Mama yake bibi hakusahau mbalamwezi ile.

Kushikwa na kalenda mbili kumewapata wengine pia. George Washington aliandikwa kuzaliwa 11 Februari 1731. Waingereza walipobadili kalenda mwaka 1752 waliruka siku kumi na moja, na pia wakahamisha mwanzo wa mwaka kutoka 25 Machi hadi 1 Januari, kwa hiyo yeye akawa mtu wa 22 Februari 1732, siku na mwaka vyote vimebadilika. Warusi nao walikuwa wakiyaadhimisha Mapinduzi ya Oktoba tarehe 7 Novemba. UNESCO iliichagua 23 Aprili kuwa siku ya vitabu ikiwakumbuka Shakespeare na Cervantes kwa tarehe hiyo ya 1616, ingawa Uhispania na Uingereza zilikuwa na kalenda zilizopishana siku kumi, na Cervantes huenda alifariki tarehe 22, ile 23 ikawa ya maziko. Kila tarehe ni kweli ndani ya kalenda yake.

Hilo linanirudisha kwa mjomba. Ametoa 1359 kwenye 1447 akapata 88, na kwa miaka ya mwezi yuko sawa kabisa. Bibi ameshaona Mfunguo Sita zaidi ya mara themanini na nane. Lakini miaka 88 ya mwezi ni sawa na miaka 85 na miezi michache ya jua. Anayesema 88 na anayesema 85 wanamzungumzia bibi yule yule, aliyezaliwa usiku ule ule. Ni kile 87 cha kitambulisho tu ambacho hakina nguzo chini yake.

Na nguzo ya mwisho ni ile ya Wajerumani. Mkoa wa Tanga ulikuwa na walowezi wengi wa Kijerumani kwenye mashamba ya mkonge. Vita ilipotangazwa Septemba 1939, Waingereza waliwakusanya na kuwaweka kizuizini. Mama yake bibi aliposema "baada ya Wajerumani kuchukuliwa", alikuwa anakupa mpaka wa nyuma: bibi hawezi kuwa amezaliwa kabla ya Septemba 1939. Julai 1938 inakataliwa hapo hapo. Aprili 1940, miezi saba baadaye, inakaa vizuri. Wazee wetu wengi hawakuwa na tarehe, lakini walikuwa na kumbukumbu za aina hii, na vijana tunazipita bila kuzisikiliza kwa sababu hazina namba. Nyerere mwenyewe aliitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha alipozaliwa. Waulizeni ndugu wa bibi majina yao. Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Khamisi, Mwanajuma: mara nyingi jina ndilo cheti cha kuzaliwa.

Kabla hujatulia, kagua jambo moja kwenye ile karatasi. Kama watoto wote wa nyumba hiyo wameandikwa, angalia kama wino na mwandiko vinabadilika kutoka mstari hadi mstari. Vikibadilika, maana yake babu aliandika kila mtoto alipozaliwa, na ushahidi huo ni mzito. Vikiwa vya kalamu moja tangu juu mpaka chini, huenda alinakili baadaye kutoka karatasi nyingine, na kunakili huleta makosa. Kwa bibi yenu, ule upatano wa Jumanne, mwandamo, masika na mbalamwezi unanitosha hata kama alinakili.

Keki sasa. Mna njia tatu, na hakuna iliyo mbaya. Mkibaki na 1 Julai, mnalinda desturi ambayo watoto wameizoea, na labda ndiyo siku ambayo wa mbali wamejipangia kuja. Mkifuata 14 Mfunguo Sita, mtakuwa mnasogea siku kumi na moja hivi kila mwaka. Mwaka 2026 itaangukia mwishoni mwa Agosti, na itafaa zaidi kama nia ni kumsomea dua kuliko kukata keki. Mkichukua 22 Aprili, mnashika usiku wenyewe. Mimi ningechagua 22 Aprili kwa sherehe ya mwaka ujao, kwa sababu bibi yupo hai kuisikia habari hii, na raha ya kuambiwa siku yako halisi ukiwa na miaka 86 si ndogo. Lakini muulizeni yeye kwanza. Siku ni yake.

Kwenye NIDA nitakuwa mkali zaidi. Msikimbilie kubadilisha. Kitambulisho, kadi ya mpiga kura, akaunti ya benki, pasi, na malipo yoyote ya uzeeni vimejengwa juu ya 1 Julai 1938. Mkibadili kimoja, vingine vyote vinaanza kugombana nacho, na anayehangaika foleni ni mwanamke wa miaka 85. Kama nyaraka zake zote zinakubaliana, na hakuna mirathi, bima au safari inayosimama kwa ajili ya umri, ziacheni. Kosa la karani halimpunguzii kitu. Kama zinapingana zenyewe kwa zenyewe, au amezuiwa kupata haki fulani, hapo kurekebisha kuna maana. Na kama hana cheti cha kuzaliwa na sasa kinahitajika, msitunge tarehe wala msichanganye mbili. Nendeni kwanza mkaulize jinsi ya kueleza tofauti.

Hapo ndipo jibu la maandishi kama hili linapofika mwisho wake, na inabidi mwonane na watu uso kwa uso. Kwa usajili wa kuchelewa, ofisi ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia wilaya yenu ndiyo mlango. Watakwambieni ushahidi gani wanapokea. Kama kitahitajika kiapo, kiandikwe na wakili aliyeuona msahafu, asiwe amesimuliwa tu. Kama mnataka maandishi yathibitishwe na msomaji mwingine, Nyaraka za Taifa Zanzibar na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zina hazina ya maandiko ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu, na watu waliozoea mikono ya zamani.

Msahafu wenyewe usitembezwe. Usiibandike ile karatasi kwa selotepu, usiipige plastiki, wala usijaribu kukoleza wino kwa kalamu mpya. Ipige picha mchana karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni ili alama za kalamu zijitokeze, picha moja ya ukurasa mzima na nyingine ya mstari wa bibi peke yake. Nakala hizo ndizo za kubeba kwenda ofisini. Na jioni moja, bibi akiwa hajachoka, mketi naye na simu ikirekodi, mumuulize ni shamba gani la mkonge, nani alimsimulia, na nani alizaliwa kabla yake na baada yake.